Umeimudu Photoshop, sasa duka linadai vekta: uanzie wapi?

Swali limetoka kwa dada mmoja anayefanya kazi Mbale, Uganda. Anaandika: "Nina miaka sita nahariri picha za arusi na kwanjula (sherehe ya Kiganda ya utambulisho) kwa Photoshop, na mabango ya makanisa natengeneza pia. Juzi shule moja imenipa kazi ya nembo: itakaa kwenye sweta, ubavuni mwa basi, na kwenye baneri ya getini. Nilipopeleka kazi Kampala, kwa wachapaji wa Nasser Road, wakanirudishia faili wakisema nilete vekta. Nimepakua Inkscape, programu ya kuchorea vekta, nikashika kalamu, umbo likajaa weusi. Nikajaribu amri ya kufuatisha picha, ikatoka kama tope. Je, ninunue Illustrator? Nianzie wapi, na itanichukua muda gani?"

Dada, duka halikukuonea, wala kazi yako haina kasoro. Mashine yao ya kukatia stika, ile plota, haioni picha. Ina wembe mdogo unaofuata mstari kutoka nukta moja hadi nyingine, na faili yako haikuwa na mstari hata mmoja. Ilikuwa na pikseli, yaani miraba midogo ya rangi iliyopangwa bega kwa bega. Jicho lako linaona duara, lakini ndani ya faili hakuna duara lolote. Faili ya vekta huandika jambo lenyewe: hapa pana duara, kitovu chake ni hapa, nusu kipenyo mm 50, lijazwe njano. Ukilikuza hadi lijae ukuta, kompyuta inapiga hesabu upya na ukingo unabaki mkali.

Hata kwa baneri isiyohitaji wembe utaona faida. Baneri ya mita 3 kwa 2, ukiiandaa Photoshop kwa pikseli 100 kwa inchi, ni pikseli 11,811 kwa 7,874, karibu milioni 93. Kwa rangi za CMYK, yaani wino nne za uchapaji (sayani, magenta, njano na nyeusi), leya moja iliyojaa hula MB 372 za kumbukumbu kabla hujaongeza ya pili. Ukisema uende na pikseli 300 ulizozoea kwenye picha za albamu, upande mrefu unafika pikseli 35,433, na faili ya PSD, ile ya Photoshop yenyewe, haipokei zaidi ya 30,000 kwa upande. Nembo hiyohiyo ikiwa vekta huwa faili ndogo ya kutumwa kwa WhatsApp, na ndiyo hiyo itakayotumika kwenye sweta na kwenye baneri.

Kuhusu programu, usinunue kitu kwa sasa. Inkscape ni ya bure na inatosha kwa nembo, stika, beji na mabango. Illustrator hulipiwa ada kila mwezi au kila mwaka. Iache mpaka kazi zenyewe ziweze kuilipia. CorelDRAW nayo ni chombo kizuri, na kama duka unalolitegemea linaitumia, waulize wanafungua faili za aina gani kabla hujaanza kazi. Unachojifunza kwenye moja unakwenda nacho kwenye nyingine, kwa sababu zote tatu zinatumia mkunjo uleule, ule unaoitwa kwa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa Renault aliyeutumia miaka ya 1960 kuchora mabodi ya magari. Vitufe nitakavyotaja ni vya Inkscape, na pale Illustrator inapotofautiana kwa namna itakayokuletea shida nitasema.

Kilichokukwamisha hasa ni mazoea ya mkono. Photoshop imekufundisha kupaka rangi juu ya turubai moja. Huku unakuwa mtu wa mkasi na karatasi za rangi: unakata kipande, unakilaza, unakata kingine, unakilaza juu yake. Chukua ngao ya nembo yenye ukingo wa bluu na uso mweupe. Mkono wa Photoshop utataka kuchora mstari wa bluu kuzunguka weupe. Mtu wa vekta anakata ngao ya bluu nzima, kisha ngao nyeupe ndogo kidogo, anaiweka juu. Bluu inayoonekana ni ile karatasi ya chini ikichungulia. Kabla hujagusa kipanya, hesabu vipande: ni vingapi, na kipi kinatangulia chini? Nembo ya shule ya kawaida, yenye ngao, kitabu, utepe na maneno, haifiki vipande 20. Ukijikuta una 200, kuna mahali umerudi kupaka.

Mazoea mengine manne yatakusumbua wiki ya kwanza. Photoshop unachagua eneo. Huku unachagua kitu, na kuna mishale miwili ya kuchagulia. Mshale wa kwanza, kitufe S, hushika umbo zima na kulisogeza. Wa pili, kitufe N, huingia ndani ya umbo na kushika nodi zake, yaani nukta zinazoshikilia mstari wake. Ukiona umbo haliguswi unavyotaka, mara nyingi umeshika mshale usio wake. Leya nazo si zilezile. Huku kila kitu tayari kina nafasi yake katika rundo, na leya ni kama droo tu za kupangia vitu: droo ya maneno, droo ya ngao, droo ya picha ya kufuatishia. Tatu, kifutio kiweke kando. Ukitaka tundu, weka umbo la tundu juu ya kipande, chagua vyote viwili, bonyeza Ctrl na alama ya kutoa, na la juu litatoboa la chini. La nne huwachanganya hata wenye uzoefu mrefu. Photoshop, unapobana leya kwa leya nyingine ili picha ionekane ndani ya umbo tu, umbo la kubania liko chini na picha iko juu. Inkscape na Illustrator ni kinyume: umbo la kubania ndilo linalokaa juu kabisa. Ukilisahau hilo utabonyeza amri, picha itatoweka, na utadhani programu imeharibika.

Na ule weusi uliojaa? Hakuna kilichoharibika. Kila umbo lina mambo mawili yasiyotegemeana: mjazo na mstari wa ukingo. Inkscape hujaza hata njia ambayo hujaifunga, kwa kuunganisha ncha zake mbili kwa mstari ulionyooka usioonekana, na ikiwa rangi ya mwisho kutumika ilikuwa nyeusi, ndiyo utakayoiona. Fungua dirisha la mjazo kwa Ctrl, Shift na F, zima mjazo, weka mstari mwembamba wa rangi kali kama waridi, kisha uchore. Ukimaliza umbo na kulifunga, ndipo ulipe mjazo na kuondoa mstari.

Sasa tuingie kwenye nodi, maana hapa ndipo ufundi ulipo na ndipo nataka uweke muda wako mwingi. Una bahati moja: kalamu unaijua. Kila ulipokata bibi arusi kutoka kwenye mandhari kwa kalamu ya Photoshop ulikuwa unachora vekta, ila ulikuwa unaigeuza kuwa eneo na kuitupa. Kalamu ya huku, kitufe B, inafanya vilevile: kubofya kunaweka kona, kubofya na kuvuta kunaweka nodi laini yenye vishikio viwili, vile vijiti vya kuongozea mkunjo. Tofauti ni kwamba ulipokuwa unakata picha, nodi 90 kuzunguka bega hazikumsumbua mtu, kwa sababu ukungu wa pikseli mbili ulizificha. Kwenye nembo kila nodi ya ziada ni kigongo. Ikikuzwa hadi mita moja ubavuni mwa basi, mkunjo wenye nodi 15 unaonekana umepinda kama barabara ya murram baada ya mvua, na wembe wa plota unatetemeka kila unapopita juu yake.

Duara kamili lina nodi nne tu: juu, chini, kushoto, kulia. Hiyo ndiyo kanuni ya kubeba. Weka nodi pale mkunjo unapofika mwisho wake wa juu, wa chini au wa pembeni, na pale unapogeuka kuinama upande wa pili. Usiweke katikati ya njia. Vishikio vya nodi za mwisho huo vivutwe vikiwa vimelala sawasawa au vimesimama wima. Shikilia Ctrl unapovuta katika Inkscape, Shift katika Illustrator. Urefu wa kishikio uwe kama theluthi ya mkunjo unaouongoza. Kwa robo ya duara hesabu inajulikana: kishikio ni 0.552 ya nusu kipenyo, kwa hiyo duara la nusu kipenyo mm 50 lina vishikio vya mm 27.6. Huna haja ya kupima kila mara, lakini ukiona vishikio viwili vya mkunjo mmoja vimepishana vikavuka kimoja juu ya kingine, jua umevuta kupita kiasi na ndiyo maana pana nundu.

Unapohitaji mkunjo uingie kwenye kona kali, kama ncha ya chini ya ngao, nodi ile isiwe laini. Chagua nodi kwa N, kisha Shift na C huigeuza kona na kuachanisha vishikio. Shift na S huirudisha laini. Makosa mengi ya wanaotoka kwenye kazi ya picha yapo hapa: wanaacha nodi laini kwenye kona, kisha wanaongeza nodi mbili tatu pembeni ili kuilazimisha ikunje. Badili aina ya nodi na hizo za ziada utaziona hazina kazi.

Zoezi langu la kwanza kwako ni bendera ya Uganda. Ni ya uwiano wa 2 kwa 3, basi fanya ukurasa wa mm 900 kwa 600. Mistari sita ya kulala, kila mmoja mm 100 kwa kimo: mweusi, njano, mwekundu, kisha tena hivyohivyo. Usivute kwa jicho. Andika 900 na 100 kwenye visanduku vya vipimo juu ya ukurasa, nakili kwa Ctrl na D, halafu andika nafasi ya kila mmoja: 0, 100, 200, hadi 500. Diski nyeupe ya katikati ina kipenyo kinachokaribia upana wa mistari miwili. Ipange katikati kwa amri ya kupanga, usiisukume kwa mkono. Hapo utakuwa umejifunza vipimo, rundo na kupanga kwa saa moja.

Halafu korongo taji, yule ndege wa ndani ya diski. Tafuta picha yake safi, iingize kwa Ctrl na I, ipunguze ukolezi hadi asilimia 40, ifunge isisogee, chora juu yake. Usianze na manyoya. Anza na shingo, kwa sababu shingo ya korongo ni mkunjo wa S, na S inakufundisha kila kitu kuhusu vishikio. Upande mmoja wa shingo unatosha nodi tatu hadi nne. Ukimaliza, zima picha ya chini utazame umbo peke yake, kisha bonyeza Ctrl na 5 ya upande wa namba, urudie mpaka uone mifupa mitupu bila rangi. Kwenye Illustrator ni Ctrl na Y. Hapo nodi zilizorundikana zitajionyesha. Futa moja moja, Inkscape itajaribu kushika umbo ulilokuwa nalo. Ukiona halijabadilika, nodi ile haikuwa na kazi. Mchore korongo mara tatu kwa siku tatu tofauti. Nina imani na zoezi hili kuliko saa 20 za kutazama video, kwa sababu mkono haujifunzi kwa macho.

Taji lake lichore kama unyoya mmoja tu, kisha ulinakili ukizungusha kwa nyuzi 10 kila mara, kitovu cha mzunguko kikiwa kichwani.

Sasa ile amri ya kufuatisha iliyokutoa tope. Inkscape huiita kwa Shift, Alt na B. Illustrator inayo pia. Kazi yake ni kutafuta mpaka kati ya rangi na rangi. JPEG ndogo iliyotumwa kwa WhatsApp ina mavumbi kuzunguka kila herufi, na mavumbi hayo nayo yana mipaka, basi yote yanageuzwa maumbo. Ikikutoa maelfu ya nodi, imefanya ulichoiomba. Itumie kwa kitu kimoja: mchoro wa mkono au saini, wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, uliochanganuliwa kwa pikseli 600 kwa inchi. Hapo ujuzi wako wa Photoshop unalipa. Safisha kwanza kule: ondoa rangi, sogeza viwango vya mwanga (Levels) hadi weupe uwe mweupe kabisa na weusi mweusi kabisa, futa madoadoa, ndipo ulete huku. Baada ya kufuatisha, kumbuka vekta imelazwa juu ya picha ya awali, zimelingana kabisa. Wengi hufuta ya juu wakidhani ni nakala, wakabaki na picha ileile. Isogeze kwanza, kisha ufute ya chini. Nembo yenye ngao na herufi, wala usiifuatishe. Ichore upya. Herufi tafuta fonti yake au inayokaribia, na ngao ni nodi chache tu.

Kuhusu maneno: ukipeleka faili yenye maandishi hai na duka hawana fonti uliyotumia, kompyuta yao itaweka nyingine, na kaulimbiu ya shule itatoka kwa sura usiyoijua. Geuza maandishi kuwa maumbo kwa Shift, Ctrl na C. Illustrator ni Ctrl, Shift na O. Fanya hivyo kwenye nakala, kwa sababu baada ya hapo huwezi tena kusahihisha herufi, na mwalimu mkuu hukumbuka kosa la tahajia siku ya mwisho.

Mistari ya ukingo ina mtego wake. Umechora utepe wenye mstari wa mm 1 kwenye nembo ya mm 200. Ukiipunguza hadi mm 60 kwa ajili ya beji, mstari unaweza kubaki mm 1 wakati kila kitu kimepungua, na nembo inaonekana imevimba. Kuna kitufe cha kuamua kama unene upungue pamoja na umbo, kiwashe. Bora zaidi, kazi ikiisha, geuza mistari yote kuwa maumbo kwa Ctrl, Alt na C. Plota hasa inalihitaji hili: haijui unene wa mstari, inajua njia tu. Mstari mnene usiogeuzwa itaukata kama mkwaruzo mmoja katikati.

Kwa ajili ya basi la shule, andaa faili ya plota peke yake. Vipande vya rangi moja vinavyogusana viunganishe kwa Ctrl na alama ya kujumlisha. Visipounganishwa, wembe utakata pia pale vinapopandana, na stika itatoka imechanika ndani ya herufi. Kumbuka Inkscape huupa muungano rangi ya kipande cha chini. Kila rangi iwe kwenye leya yake, kwa kuwa kila rangi ni roli yake ya stika. Usiache kivuli wala rangi inayofifia. Herufi zenye kimo chini ya mm 5 hivi ziondoe, kwa sababu anayeng'oa mabaki atazing'oa pamoja nayo.

Sweta ni nyuzi. Fundi wa kudarizi ataibadilisha vekta yako kuwa mishono katika programu yake, kwa hiyo mpe toleo jepesi: rangi tatu au nne, hakuna mstari chini ya mm 1, kaulimbiu iondolewe kama haifiki mm 5. Usione aibu kupunguza. Nembo yenye matoleo mawili ni ya mtu anayejua kazi.

Baneri ndiyo itakayokusumbua kwa rangi. PDF ya Inkscape kwa kawaida hutoka na rangi za RGB, zile za kioo cha kompyuta, na bluu kali ya kioo ikifika kwenye wino huelekea zambarau. Muulize mchapaji kama atabadilisha yeye. Kama hapana, pitisha kazi kwenye Scribus, nayo ni ya bure, utoe PDF ya CMYK. Ukichanganya bluu mwenyewe, magenta iwe chini ya sayani kwa angalau alama 30: sayani 100 na magenta 65 inabaki bluu, 100 kwa 100 ni zambarau. Vivuli na ukungu uliouweka huku hugeuzwa pikseli wakati wa kutoa PDF, hivyo kwenye dirisha la kutolea hakikisha pikseli kwa inchi si chache mno.

Photoshop usiiache. Picha ya wanafunzi itakayokaa kwenye baneri ihariri kule, uikate na kuitoa kwa ukubwa wake halisi, pikseli 100 kwa inchi zinatosha kwa kitu kinachotazamwa kutoka ng'ambo ya barabara, kisha uilete ndani ya ukurasa wa vekta, nembo na maneno yakae juu yake. Kisichofaa ni kuchukua JPEG, kuihifadhi kama PDF, na kuiita vekta. Mchapaji ataikuza hadi asilimia 6,400, ataona ngazi za pikseli, na utarudishiwa tena.

Muda? Kwa mtu mwenye kalamu ya Photoshop mkononi, saa moja kila siku, nakadiria wiki mbili hadi tatu kufika kwenye nembo ya shule iliyo safi. Wiki ya kwanza bendera na korongo, ya pili chora upya nembo tatu za vitu vilivyo mezani kwako, kopo la chai au mfuko wa sukari, kwa mazoezi tu. Ya tatu chora ya mteja.

Siku ya kupeleka, weka kwenye flashi faili hizi: SVG (faili ya vekta ya Inkscape yenyewe) yenye maandishi hai ibaki kwako, PDF yenye maandishi yaliyogeuzwa maumbo kwa mchapaji, PDF ya plota, rangi zikiwa zimetenganishwa, na PNG ya mandhari wazi, pikseli 2,000 kwa upana, shule iitumie kwenye barua na simu. Usimpe mtu wa Illustrator SVG ya Inkscape bila kuandika vipimo kando. Inkscape huhesabu pikseli 96 kwa inchi na Illustrator 72, na nembo ya mm 100 inaweza kufunguka ikiwa mm 133 bila onyo lolote. Andika kwenye jina la faili lenyewe: nembo-basi-mm900.pdf.